Chumba cha Nyuma, Isevya

Ushirika wa wafuga nyuki, Tabora mjini,
nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli:
humo mna chumba, chumbani kabati la chuma,
kabatini seva moja, unene wa vidole vitatu,
inayopiga mluzi tangu Pasaka ya mwaka juzi.
Mluzi, nimesema. Si mvumo.
Mvumo ungevumilika.

Bi Kashindye wa hesabu yuko ukuta wa pili.
Anasema sauti ile imemwingia kwenye jino,
anajumlisha kilo za asali ya Sikonge
na kila akikaribia mia nne
inambidi aanze upya.
Nikapima kwa simu: desibeli sabini na moja.
"Simu ya nini," akasema, "na kichwa ninacho?"

Nikamweleza, bisibisi mkononi:
mashine imebanwa, mama.
Pangaboi la dari lina nafasi, linajizungukia kivivu
na bado unapoa.
Hizi feni sita, kila moja kama kifuniko cha kopo la dawa,
ni mara elfu kumi na mbili kwa dakika
ama kuungua.
Aliyebanwa ndiye apigaye kelele.
Akanitazama kama mtu aliyelijua hilo
kabla sijazaliwa.

Oktoba nikaenda Urambo siku tatu, kutengeneza printa.
Oktoba ile ya bati kulia ta! ta! na mvua kukataa.
Niliporudi, kimya nilikisikia tangu barabarani.

Godoro kuukuu lilikatwa kwa kisu cha jikoni,
likashindiliwa mbele, likashindiliwa nyuma,
juu blanketi, juu ya blanketi kamba ya katani,
pembe zote zimekunjwa vizuri
kama anavyofunikwa mtoto mwenye homa.
Ililia siku mbili ndani ya sponji,
ikafika digrii tisini na sita,
ikajizima.
Nje, foleni ya watu waliofuata malipo,
na majina yao yote yamelala gizani.

Kosa langu. Nimekulia Ipole,
ningemwambia habari ya mzinga saa saba mchana:
nyuki wanavyojipanga mlangoni,
miguu wameing'ang'aniza kwenye gogo,
wanapiga mbawa kwa nguvu zote
na hawaendi popote.
Tundu lile unaweza kuliziba kwa tope
ukapata utulivu wako.
Kesho utafungua nta iliyoyeyuka,
asali na maiti bakuli moja.

Basi tukatoboa ukuta wa nje, tukatia wavu.
Kabati tukaligeuza: uso ndani, mgongo uani.
Mianya iliyobaki nikaiziba kwa mbao za kreti,
pumzi ya moto ikitoka nyuma
isizunguke ikarudi puani.
Feni zikaonja hewa, zikapunguza mbio zenyewe,
hakuna aliyeziamuru.
Sitini na mbili.
Na godoro halikutupwa.
Tulilipigilia ukutani, upande wa Bi Kashindye,
maana kosa halikuwa la godoro.

Jumanne umeme ulikatika.
Betri ikahimili dakika tisa, ikaaga.
Nikiwa natafuta tochi
nikasikia kiti kikiburutwa, kandambili zikija upesi,
na huyo hapo mlangoni, kalamu nyuma ya sikio,
amefika mia tatu themanini.

"Mbona kimya?"

Hakungoja jibu. Akapita,
akaweka kiganja juu ya bati la seva,
akakiacha hapo,
kisha akakigeuza, akaweka upande wa mgongo wa mkono.